Vumbi, Madirisha na Chumba cha Watu Sita

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dodoma na kwingineko. Mimi ni Rehema, na niko na kaka yangu Mathayo, ambaye ni tabibu. Leo tunazungumza na wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu kujikinga wakati wa janga la maambukizi, na tumeona tuanzie chumbani, hosteli.

MATHAYO: Asante, dada Rehema. Darasani mwanafunzi hukaa saa mbili akaondoka, lakini chumbani hulala usiku kucha akivuta hewa ileile wanayoitoa wenzake. Virusi vya UVIKO-19 husafiri kwa matone yanayoanguka karibu na mgonjwa, na pia kwa chembechembe ndogo mno zinazoelea kwa muda mrefu katika chumba kilichofungwa. Kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni mlangoni ni ya lazima, lakini haitoshi.

REHEMA: Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini mwaka 2020. Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Tuliporudi, chumba kilichopangiwa watu wanne tulilala sita kwa sababu ya kubebana, yaani kulala kitanda kimoja na mwenzako aliyekosa chumba, na madirisha hatukuyafungua, kwa kuwa upepo ulikuwa unaingiza vumbi hadi kwenye sahani. Mwenzetu mmoja alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi, naye akasema ni vumbi. Baada ya siku chache tulikuwa tunakohoa wote. Hakuna aliyepimwa, hivyo siwezi kusema ulikuwa ugonjwa gani.

MATHAYO: Neno hilo, "ni vumbi tu", ndilo linalonitia hofu kuliko yote katika mji huu. Vumbi hukereketa koo, lakini halileti homa wala maumivu ya mwili, na anayekohoa kwa vumbi hamwambukizi jirani yake. Tena mwenye UVIKO anaweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla ya kujisikia vibaya. Hivyo wakati wa mlipuko, kila kikohozi kipya kichukuliwe kuwa cha kuambukiza hadi kipimo kioneshe vinginevyo. Madirisha yafunguliwe, na mlango pia, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vumbi litafutwa kwa kitambaa chenye maji asubuhi. Barakoa ivaliwe ikiwa imefunika pua.

REHEMA: Na wale ambao hawana kitanda kingine cha kwenda?

MATHAYO: Siwezi kuwaambia wasibebane wakati najua kodi ya chumba mtaani inawashinda. Walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwingine, ili nyuso zisielekeane, na vitanda jirani vipangwe hivyohivyo. Majadiliano ya kikundi yahamie kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za nje, kwa maana hewa ya nje hutawanya virusi upesi.

REHEMA: Kaka, nyungu je? Sisi tulijifukiza watatu ndani ya shuka moja.

MATHAYO: Mvuke unaweza kumpa nafuu mtu aliyeziba pua, na sidharau elimu ya wazee wetu, lakini hauui virusi vilivyomo mwilini, na sufuria ikipinduka huunguza vibaya. Watu watatu chini ya shuka moja, dada yangu, wanavuta pumzi za wenzao kwa karibu kuliko mahali pengine popote. Kinga yenye ushahidi ni chanjo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua nchini tarehe 28 Julai 2021 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani.

REHEMA: Mwenzetu yule alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza: aliogopa kukosa mtihani na kupata sapu, yaani mtihani wa marudio.

MATHAYO: Hapo lawama si yake. Uongozi wa chuo utangaze kwa maandishi, mapema, kwamba mgonjwa mwenye cheti cha daktari atafanya mtihani baadaye bila adhabu, na utenge vyumba vya kuwalaza wagonjwa. Mwanafunzi akipumua kwa shida, akibanwa kifua au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa ushauri, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

REHEMA: Limebaki la safari. Chuo kikifungwa, mabasi hujaa siku moja.

MATHAYO: Mwenye dalili asipande basi. Asiye na dalili akae karibu na dirisha lililo wazi, avae barakoa njia nzima, na akifika nyumbani ajitenge na wazee kwa siku 14.

REHEMA: Machi ile nilifika Kondoa jioni na nikalala chumba kimoja na bibi yangu, kama nilivyozoea tangu utoto. Leo ningeomba godoro sebuleni, nikala naye nje chini ya mwembe, kila mtu na sahani yake, mpaka siku hizo ziishe.