Hita ya sola inatoa maji vuguvugu? Tuifanyie sevisi kabla baridi ya Julai haijatubana

Hamjambo nyote, karibuni tena hapa juu ya paa. Leo tuko South B, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hizi sweta mbili mnazoziona si urembo. Nimepanda mapema hivi makusudi. Sababu nitaisema, nitairudia, hadi mniambie inatosha.

Mgonjwa wetu ni huyu: hita ya lita 150, aina ile iliyojaa mitaani. Tangi juu, tyubu 15 za vioo chini yake, na kitangi cha boya pembeni cha kulisha maji. Mama mwenye nyumba anasema maji yanatoka vuguvugu, kwa hivyo siku hizi anaiacha elementi ya stima ikiwaka usiku kucha. Hebu tupige hesabu. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunameza yuniti 7 na ushee. Kila siku! Halafu tokeni zikiisha tarehe kumi tunaanza kuulizana nani ameiba stima.

Zima brekha ya elementi, hakikisha kwa testa, funga koki ya maji baridi, vaa viatu vya raba kwa sababu mabati yana umande. Hayo mnayajua, twende.

Kwanza tunaangalia, hatushiki kitu. Kamera, shuka hapa kwenye ncha za chini za tyubu. Mnaona rangi ya fedha? Hiyo ni bariamu. Tyubu ina kuta mbili za kioo na katikati yake hewa imefyonzwa yote, ndiyo maana joto likishaingia halipati njia ya kutoka. Bariamu kazi yake ni kunasa kile kihewa kidogo kinachobaki. Hewa ya nje ikipenya, ile fedha inageuka nyeupe. Sasa tupite moja moja. Hii nzima, hii nzima, hii pia… ngoja. Rudi. Rudisha kamera kidogo. Hiyo ya sita.

Nyeupe pe. Hata mimi sikuiona nilipokuwa napanda. Hiyo imekufa, jamani. Njoo uiguse saa saba mchana, utaikuta ina joto kwa nje, ilhali nzima huwa haina joto la kusema. Na usiku ndiyo inamaliza kabisa, kwa sababu joto ulilovuna mchana linatokea hapo hapo. Haya, nilipanga video ya kuosha tu, sasa imekuwa ya kubadilisha tyubu. Shukuruni, mnapata mbili kwa moja.

Sasa sikilizeni. TYUBU KAVU ILIYO JUANI HAIPEWI MAJI BARIDI. Ndani yake joto linapita nyuzi 200. Maji ya mfereji yakigusa hapo, unasikia tu pa! Na hapa Nairobi jambo hili linatokea sana kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya mgao. Maji yanakatika siku kadhaa, tangi linakauka, yale yaliyobaki kwenye tyubu yanageuka mvuke kidogo kidogo hadi yanakwisha. Halafu siku moja saa saba mchana mfereji unakoroma, watu wanashangilia, boya linafunguka lenyewe. Nimeitwa nyumba moja Embakasi nikakuta nusu ya tyubu ni vipande juu ya mabati, na mwenyewe hakuwa amepanda hata ngazi. Mgao ukipita siku mbili, funga koki ya kulisha. Maji yakirudi, ifungue alfajiri. Si saa nne, si "jua bado halijawaka sana". Alfajiri!

Tunamwaga tangi. Msiyamwage kwenye mtaro lakini, mama ameshaleta ndoo na karai, atafulia. Tyubu zenyewe zitabaki zimejaa kwa sababu ziko chini ya tangi, na kila moja ina karibu lita 3, kwa hivyo ukiitoa jiandae na uzito.

Kutoa: paka maji ya sabuni kwenye raba inayoziba pale tyubu inapoingia tangini, zungusha tyubu taratibu huku ukiisukuma juu, ndani ya tangi, mpaka kitako kitoke kwenye kikombe chake cha plastiki. Halafu ivute chini kwa kuipinda pembeni. Polepole. Nimesema zungusha, using'ang'ane nayo. Na sabuni ni sabuni, usiniletee grisi wala mafuta ya kupikia, yanaharibu raba.

Imetoka. Eh, angalieni hii. Kamera, sogea. Huu ukoko mweupe ni maji ya chumvi, maji ya kisima cha kuchimba, wanayonunua kwa lori mgao ukizidi. Ukoko unakaa hapo kati ya maji na joto, unalizuia. Tyubu zilizo nzima unaziosha kwa siki na brashi ya chupa yenye mpini mrefu. Kuna dawa kali za dukani, mimi sizipendi, tangi ni chuma cha pua na zile nyingi zina asidi inayokitoboa.

Sasa tyubu mpya. Imekaa kivulini ndani ya boksi lake, na hapo ndipo inapokaa hadi dakika ya mwisho. Kabla hujaichomeka, ivalishe kwanza hii raba ndogo ya kuzuia vumbi. Kwanza! Ukisahau, utaitoa tena, na kila kutoa ni nafasi ya kuivunja. Raba ya vumbi, maji ya sabuni, mdomo juu, zungusha, sukuma, kitako kikipita kikombe shusha. Sikia ilivyokaa… hapana, haijakaa. Kikombe kimepasuka. Kamera, mnaona ufa? Plastiki imepikwa na jua. Ninacho kingine kwenye mkoba, dakika moja. Sawa. Sasa imekaa.

Fimbo ya magnesi iko huku ubavuni. Inaliwa yenyewe na kutu ili tangi lisiliwe. Hii imebaki waya mtupu, kwa hivyo tunaweka mpya.

Bomba la kupumulia, hapa juu kabisa. Nyigu wamejenga. Mimi na nyigu hatuna undugu, kijana wangu atashughulikia. Lakini msidharau, hili likiziba, siku maji yakitoka kwa kasi bila hewa kuingia, tangi linabonyea kwa ndani. Tangi, si bomba.

Kuosha vioo ni maji, kitambaa laini, basi. Hapa kuna kinyesi cha ndege, na kwa ukubwa huu nashuku wale makorongo wa karibu na uwanja wa Nyayo wamekuja kutembea.

Sponji nyeusi ya bomba la maji moto imemenyeka yote. Ndiyo, na hii inachangia vuguvugu. Valisha mpya, kisha izungushie tepu ya alumini, maana jua linaitafuna. Na kwa wanaofunga hita mpya: elekeza kaskazini. Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, na miezi hiyo jua letu la mchana liko upande wa kaskazini.

Ni saa moja na robo, bado kuna mawingu, tunafungua koki. Ingekuwa saa nne ningefunika tyubu kwa blanketi nisubiri jioni, sitaki ushujaa. Acha ijae, pitisha kidole chini ya kila raba. Hii kavu, hii kavu, hii inadondosha tone, izungushe kidogo… kavu.

Elementi usiiwashe kabla tangi halijajaa, itaungua. Themostati weka 60, ukiweka chini sana vijidudu hustawi humo. Taima weka saa kumi na mbili jioni, jua likishamaliza kazi yake. Siku ya jua kali usiiwashe kabisa.

Raba, fimbo na vikombe vinapatikana dukani kwangu Nyamakima. Tyubu ziko za milimita 58 na za 47, kwa hivyo pima unene wake kabla ya kunipigia. Na mkija kuchukua tyubu, msije na bodaboda, tafadhali.