Maji Moto na Hariri ya Watoto Wao

Wazee wetu, walimu, wakulima mliotoka Muheza na Pangani, na wanafunzi mliojaa viti vya nyuma, nawasalimu kwa heshima. Kila aliyekulia hapa Tanga na kupanda mwembe kuangua maembe anawajua maji moto, na anajua kwa nini wakaitwa hivyo, kwani hung'ata kwanza, kisha humwagia jeraha asidi inayounguza. Ninachotaka kuwaeleza leo ni jambo ambalo aliyeng'atwa hapati nafasi ya kulitazama: nyumba yao, na yule anayeigharamia.

Sisimizi wengi wanaoishi juu ya miti hukaa ndani ya matundu: tawi lililooza, gome lililobanduka, mwiba wa mgunga ulio wazi ndani. Tundu lina mwisho, na mwisho wa tundu ndio mwisho wa jamii. Maji moto, ambao jina lao la kitaalamu ni Oecophylla longinoda, walitoka katika kifungo hicho kwa kushona majani mabichi yakiwa bado mtini, na kwa kuwa mti haukosi majani, jamii moja yenye malkia mmoja tu huweza kuenea juu ya miti mingi, ikawa na viota vingi na vibarua laki kadhaa, yaani mabinti wa malkia wanaofanya kazi zote.

Nilikaa asubuhi moja chini ya mchungwa nikawatazama wakianza kiota. Vibarua walijipanga kwenye ukingo wa jani moja, bega kwa bega, wakaling'ata jani la jirani na kulivuta kinyumenyume. Palipokuwa na pengo pana kuliko urefu wa mwili mmoja, mmoja alimkamata mwenzake kiunoni, wa tatu akamkamata wa pili, hata ukapatikana mnyororo wa wadudu saba, na pembeni yake minyororo mingine, yote ikivuta upande mmoja. Majani yalipokutana, wakaja wengine kutoka kiota cha zamani, kila mmoja amebeba buu mdomoni, mweupe mfano wa punje ya mchele. Kibarua alikigusisha kichwa cha buu kwenye jani la kwanza huku akimpapasa kwa papasi zake, buu akatoa hariri ikanata, kisha akavushwa hadi jani la pili, akarudishwa, akapelekwa tena, kama mama anavyounga ukili kwa ukili hata ukawa mkeka. Hapa sindano ni mtoto, na uzi unatoka mwilini mwake.

Naomba tusimame kidogo kwa huyu buu. Kwa sisimizi wengine wengi, buu hutumia hariri yake kujisokotea kifuko cha kulala wakati anapogeuka kuwa mdudu kamili. Buu wa maji moto hutoa hariri yote kwa ajili ya kiota, naye hupitia mageuko hayo akiwa uchi, akilindwa na kuta ambazo yeye na ndugu zake wamezilipia.

Kwa nini kiumbe ajitoe kiasi hicho kwa ajili ya wenzake? Mwaka 1964 mwanabiolojia wa Uingereza, W. D. Hamilton, alitoa hesabu yake. Dume la sisimizi huzaliwa kutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo hana baba, na urithi wote alionao humpitishia kila binti yake ukiwa mzima. Ndiyo maana mabinti wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana robo tatu ya urithi wao, ilhali mama na mtoto wake hushirikiana nusu; basi kibarua anayemlea dada yake hueneza urithi wake kuliko ambavyo angeueneza kwa kuzaa mwenyewe. Hesabu hii ni nzuri, nami naifundisha kila mwaka, lakini siamini kwamba inatosha. Nyigu wengi wenye uzazi wa namna hiyo hiyo huishi mmoja mmoja, na mchwa wa vichuguuni, ambao madume yao yana baba kama sisi, wamejenga jamii kubwa bila hesabu hiyo. Lazima pawepo pia mali ya pamoja inayostahili kupiganiwa. Sisimizi walikuwa wameishi kijamii zamani mno kabla ya maji moto kutokea. Walichoongeza maji moto ni nyumba inayoweza kukua, na ndani yake mifugo, yaani wadudu magamba wanaofyonza utomvu wa mti na kutoa umajimaji mtamu unaonywewa na walinzi wao.

Mpango huu ni wa kale. Katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata mabaki ya jamii ya jamaa zao yaliyogeuka mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 15. Wataalamu wa sisimizi E. O. Wilson na R. W. Taylor, walioyaeleza mwaka 1964, walikuta vibarua wakubwa na wadogo pamoja na watoto wao. Hata leo wakubwa ndio huwinda, hulinda na kushona, na wadogo hubaki viotani kulea na kuchunga.

Wakulima, hili linawahusu. M. J. Way, aliyefanya utafiti Unguja katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba minazi yenye maji moto haipukutishi vidaka kama isiyokuwa nao, kwa sababu sisimizi hao humwinda mdudu mfyonzaji ambaye jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na mtafiti huyo. Adui mkubwa wa maji moto yuko ardhini: Pheidole megacephala, sisimizi mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, ambaye huwazuia kupita chini na kuwafukuza mtini. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania ulionyesha kwamba shamba lililopaliliwa hadi udongo ukabaki uchi humsaidia adui huyo, ilhali nyasi na magugu yakiachwa chini ya miti, wote wawili huweza kukaa shamba moja, huyu chini na yule juu.

Nje ya ukumbi huu, kwenye mwembe ulio karibu na lango, kuna kiota kilichoanza kushonwa asubuhi hii. Twendeni tukakitazame kabla jua halijawa kali, ila tafadhali mtu asiliguse lile tawi.