Viti Vitatu Kutoka Mbezi

Inarekodi? Haya, inarekodi. Habari zenu jamani, na poleni na sikukuu. Leo hamnioni kwenye ile baridi ya Leipzig, Ujerumani, mliyoizoea. Niko nyumbani, Moshi, Soweto, kibarazani kwa dada yangu, na huo mlio mnaousikia ni mashine ya kusaga ya jirani, sina la kuifanya. Nilitaka mlima uonekane nyuma yangu kwenye video, lakini tangu asubuhi umejifunika mawingu kama unatudai.

Leo nina habari ya shemeji yangu, mume wa dada, na ya haya mambo ya kushea magari na vyumba kwa simu. Anafanya kazi Dar, mshahara wake si haba, gari lake la watu watano. Tarehe 22 alikuwa anakuja huku. Desemba mnaijua wenyewe, stendi ya Mbezi watu wamelala juu ya mabegi, Wachaga tunarudi kuhesabiwa. Basi siku mbili kabla ya safari shemeji akaandika kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kwetu: "Natoka Mbezi saa kumi alfajiri, nina nafasi tatu, tuchangie mafuta." Hazikupita dakika kumi, nafasi zimekwisha. Akaja binti wa chuo, akaja mama mmoja na sanduku la keki, akaja kijana anayeuza vipuri Kariakoo. Hakuna aliyekuwa anamfahamu kwa sura.

Nikamuuliza, shemeji, wewe mafuta hayakushindi, kwa nini ubebe watu usiowajua kilomita zaidi ya mia tano? Akanijibu kwa neno moja.

"Usingizi."

Anasema ukishapita Mombo unaelekea Same, jua limepanda, mkonge kushoto mkonge kulia, ukiwa peke yako macho yanaanza kukusaliti. Anataka watu wa kupiga nao stori. Hiyo hela ya mafuta anasema ni ya kumnyamazisha dada.

Nilicheka peke yangu, maana huko Ulaya kuna kampuni kubwa kabisa iliyozaliwa na mambo hayo hayo. Inaitwa BlaBlaCar, ya Ufaransa. Aliyeianzisha, Frédéric Mazzella, alikwama Krismasi ya mwaka 2003. Alitaka kwenda nyumbani kwao Vendée, treni zimejaa, ikabidi dada yake aje kumchukua. Wako barabarani anaangalia magari mengine: dereva mmoja, viti vitupu. Dereva mmoja, viti vitupu. Mwaka 2006 kampuni ikaanza. Na hilo jina lake ni la maongezi tu: dereva alipokuwa anajiandikisha alisema yeye ni Bla, yaani mkimya, au BlaBla, au BlaBlaBla. Shemeji yangu angeandikwa BlaBlaBla na bado nafasi isingetosha.

Sasa mambo haya wataalamu wanayaita uchumi shirikishi. Mimi nitasema uchumi wa kushea, kwa sababu ndivyo tunavyosema hapa. Mtu ana kitu kimekaa bure, kiti, chumba, gari, hata chakula, mwingine anakihitaji, simu inawakutanisha. Ukiwasikiliza wenye kampuni hizo utadhani binadamu wamekuwa wema ghafla. Mimi nimekaa huko mwaka wa saba sasa, nimepanda hayo magari ya kuchangia mara nyingi kwenda Berlin na Hamburg, na kila nikishuka najiuliza swali lile lile: mbona abiria tunafanana hivi?

Maana nakutana na wanafunzi. Nakutana na mhandisi ambaye kazi iko Munich na mchumba yuko Leipzig. Siku moja nilikaa na profesa mstaafu aliyenieleza habari za kinyonga mpaka tukafika. Lakini dada wa Eritrea tunayefanya naye zamu ya usiku hospitalini, anayefagia wodi yetu, sijawahi kumwona humo hata siku moja. Yeye anapanda basi. Nilimuuliza akasema Kijerumani chake cha kuandika hakijakaa sawa, kadi ya benki wanayoitaka hana, na tena, picha yake na jina lake kwenye mtandao wa watu asiowajua, hataki.

Nikadhani ni yeye tu. Baadaye nikasoma utafiti wa Pew Research Center wa Marekani, wa mwaka 2016. Walikuta watu wazima 72 katika kila 100 wamewahi kutumia angalau huduma moja ya namna hii. Ukisikia hivyo unasema basi, nchi nzima inashea! Ngoja. Humo ndani walihesabu hata kununua vitu vilivyotumika kwenye mtandao. Kwa hesabu hiyo mtu yeyote aliyewahi kuinama pale Memorial kuchagua mtumba yumo, tatizo ni kwamba sisi tunainama kwa mgongo. Ukija kwenye usafiri wa kuita kwa simu walikuwa 15 tu katika 100, na kulala kwenye nyumba za watu 11. Na waliotumia huduma nyingi ndio wale wale: wenye digrii, wenye kipato kizuri, walio chini ya miaka 45. Kilichonichekesha zaidi, watu 73 katika 100 hawakuwa wanalifahamu hata jina lenyewe la uchumi huu.

Kwa hiyo nani anashiriki? Kwanza mwenye ziada. Huwezi kushea kiti kama huna gari. Hili hata mama yangu angewaambia bila utafiti.

Kwa nini wanashiriki, hapo ndipo pana utamu. Mfini mmoja, Juho Hamari, na wenzake waliwauliza watumiaji 168 wa jukwaa moja la namna hii, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Watu walisema wanapenda kushea kwa sababu ni vizuri kwa mazingira. Sawa. Lakini ilipopimwa kama kupenda huko kunamsukuma mtu ashiriki kweli, mazingira yakawa maneno mazuri ya mdomoni zaidi. Kinachomsukuma ni raha ya jambo lenyewe na nafuu ya mfukoni. Yaani usingizi wa shemeji na ukali wa dada. Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka.

(Subirini huyu wa bodaboda apite. Haya.)

Kuna kitu kingine cha huko ambacho nakipenda. Ujerumani, ukibeba watu wa kuchangia, mnachotoa wote kwa jumla kisizidi gharama ya safari. Ukizidisha, umeshakuwa teksi, katafute kibali. Ni kamstari kembamba lakini kanasaidia kutenganisha mtu anayeshea na mtu anayefanya kazi. Hapa kwetu kamstari hako kamefutika kabisa, na huko pia kampuni zimekapaka matope kwa makusudi.

Juzi nilikuwa Arusha, nikaita gari kwa simu pale Clock Tower kwenda Njiro. Kijana aliyenibeba anaongea vizuri, gari safi. Nikamwambia, kumbe na wewe uko kwenye uchumi wa kushea! Akaniangalia kwenye kioo kama nimemtukana. Gari si lake. La bosi. Kila jioni anapeleka hesabu, apate abiria asipate. Kampuni yenye programu ya kuitia magari inakata kamisheni yake, mafuta anaweka yeye. Anashea nini? Anashea usingizi wake, labda, maana anaanza saa kumi na moja asubuhi.

Shemeji anakwepa usingizi kwa kubeba watu, huyu anakosa usingizi kwa kubeba watu. Wote wawili kwenye makaratasi wanaitwa washiriki. Kuna mwanasosholojia wa Boston College, Juliet Schor, ambaye miaka mingi amewahoji watu wa kazi hizi, na anachosema kinakaa hapo hapo: yule mwenye kipato kingine anafurahia, anachagua wateja, akichoka anazima simu. Yule ambaye kodi ya nyumba inatoka humo, hana kuzima. Mimi sasa hivi nikisikia mtu anasifia programu yoyote, swali langu ni moja tu, nani humo ndani anaweza kukataa?

Na ugomvi wa kamisheni mnaukumbuka. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, walisema kamisheni isizidi asilimia 15, Uber, ile kampuni ya kuita magari kwa simu, wakasimamisha huduma Tanzania mwezi wa nne. Kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25, wakarudi mwanzoni mwa 2023. Kwa hiyo kampuni inaweza kukataa. Tumeshajua mmoja.

Mwingine anayeweza kukataa ni mwenye nyumba, na hapa niseme kidogo kuhusu majina. Wasomi watatu wa Harvard walichapisha utafiti mwaka 2017. Walituma maombi ya kulala kwa wenyeji kama 6,400 wa Airbnb, ile kampuni ya kupangisha wageni nyumba za watu, katika miji mitano ya Marekani, wageni wote maelezo sawa, tofauti ni jina. Wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi walikubaliwa pungufu kwa asilimia 16 kuliko wenye majina ya kizungu. Mwaka 2018 kampuni ikatangaza kwamba picha ya mgeni haitaonekana mpaka mwenyeji awe ameshakubali. Jina likabaki. Na mnajua majina yetu ya ukoo yalivyo, mzungu akiliona anavuta pumzi kwanza. Sasa yule dada wa Eritrea anapokataa kuweka jina lake mtandaoni mtamwita mshamba? Mimi siwezi.

Msije mkadhani nimekuja kuwaambia kwamba sisi ndio wema. Babu yangu, huko Machame, alikuwa na ng'ombe ambao hawakulala kwake. Wazee mnaijua hii, vijana sikilizeni. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa anawafugisha kwa watu. Anayefuga anakata majani, anamlaza ng'ombe ndani, maziwa yake, samadi yake, na samadi kwa mwenye migomba ni dhahabu. Ndama wanarudi kwa mwenyewe, na mfugaji ana fungu lake kwa makubaliano. Babu alipata nini? Ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja haummalizi. Utajiri wake hauonekani wote kwa jicho moja. Na akitaka watu wa kusimama upande wake kwenye shauri, anao, wamelala na ng'ombe wake. Nyota tano za kusifiana kwenye simu hazikuwepo, walikuwepo mashahidi walioonja mbege, pombe yetu ya ndizi, siku mnyama anakabidhiwa.

Ni mfumo wa akili sana. Lakini mjane asiye na ng'ombe, angemwambia babu "sitaki"? Nilimuuliza mama jana. Alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi za mtori, kisha akasema, "Angekula nini?"

Sasa geuzeni macho. Ile nyumba ya ghorofa nyuma ya mwembe, mnaiona? Vyumba sita. Mwenyewe yuko Kanada. Analala humo wiki mbili kwa mwaka, siku zilizobaki analala mlinzi, tena kwenye kibanda cha getini. Ukipanda vihambani huko Machame, Kibosho, Marangu, ndiyo usiseme, majumba yanatazamana na migomba. Tunalia hatuna mtaji huku tumeujengea geti. Na Airbnb yenyewe ilianzaje? Oktoba 2007, San Francisco, vijana wawili kodi imewashinda, wakatandika magodoro ya upepo matatu sebuleni, dola 80 kwa usiku. Wao walitandika kwa sababu hawana. Sisi tunavyo na tumefunga kwa kufuli.

Kuna mama mmoja huko Rau, jina lake silitaji, amefungua. Watoto wanne wote wako nje. Vyumba viwili anawapa wageni wa kupanda mlima na wanafunzi wanaojitolea. Nilienda kumsalimia, nikadhani atanieleza habari za dola. Akaniambia, "Mwanangu, hela ni nzuri, lakini mimi nilichoka kunywa chai peke yangu. Sasa asubuhi napata wa kusalimiana." Wamemfundisha neno moja la Kidenmark na yeye kawafundisha shikamoo, ila wanamwamkia hata mtoto wa jirani. Mama huyu anaweza kukataa mgeni. Ana pensheni yake. Akiumwa mgongo anafunga kalenda kwenye simu mwezi mzima, na binti anayemsaidia kufua mashuka analipwa kwa mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Hilo nililiuliza makusudi.

Haya, betri inaniambia inaondoka. Na shemeji naye anaondoka kesho alfajiri kurudi Dar. Aliandika tena kwenye grupu: nafasi tatu, tuchangie mafuta. Binti wa chuo amewahi kiti chake, na yule kijana wa vipuri karudi, anasema stori ya Same haikuisha. Kiti cha tatu kuna watu wanne wanakigombania kwenye simu, lakini hawatakipata. Mama ametuma mkungu wa ndizi na debe la parachichi vipelekwe kwa mjomba Tabata, na mzigo wa mama hauchangii mafuta.