Acheni kuifanya fotoni kuwa risasi

Asanteni, ndugu zangu, kaeni. Wale mlionisikia mwaka jana nivumilieni, maana ugomvi wangu ni uleule na nitaurudia hadi mnichoke. Kila nikifungua kitabu cha shule nakuta mchoro wa jua, mchoro wa jicho, na katikati kijidonge cha njano chenye mkia, kinakimbia. Chini wameandika: fotoni, yaani fungu moja dogo kabisa la nuru. Nani amewahi kukiona kijidonge hicho kikiwa njiani? Hakuna. Kuiona fotoni ndiko kuimaliza: ikigusa jicho imekwisha.

Mambo ya kasi mnayajua, kilomita 299,792 na ushee kwa sekunde. Kutoka kwenye jua hadi duniani ni dakika 8 na sekunde 20 hivi. Siwachoshi kwa hayo. Swali langu ni moja: katika dakika hizo nane, njiani kulikuwa na nini?

Twende Cambridge, mwaka 1909. Kulikuwa na kijana aliyekuwa ndio kwanza anaanza utafiti, Geoffrey Ingram Taylor. Miaka minne kabla yake Einstein alikuwa amesema kwamba nishati ya nuru huja kwa mafungu, na mzee J. J. Thomson naye alishuku kwamba wimbi la nuru lina mafundo ya nishati humo ndani. Kama ni kweli, alifikiri Thomson, basi ukiufifisha mwanga kupita kiasi mafundo yatakuwa machache, hayatakutana, na dalili za mawimbi zitafifia. Taylor akachukua sindano ya kushonea, akaimulika kwa moto wa gesi kupitia ufa mwembamba, na nyuma yake akaweka bamba la kupigia picha, vyote ndani ya kisanduku. Kivuli cha sindano kikimulikwa hivyo hakiwi na kingo safi; pembeni hutokea mistari ya mwanga na giza, na mistari hiyo huletwa na mawimbi yanayoingiliana, basi. Akaanza kupunguza mwanga kwa vioo vilivyofukizwa masizi. Akapunguza, akapunguza tena, hadi kilichobaki kikawa sawa na mwanga wa mshumaa mmoja unaowaka zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka hapo ulipo. Picha ya mwisho ilihitaji saa 2,000 hivi, karibu miezi mitatu. Inasimuliwa kwamba kijana alikiacha kisanduku kikifanya kazi, akaenda zake baharini kuendesha mashua. Hiyo ndiyo fizikia ninayoipenda mimi!

Mistari ilikuwa palepale, imekoza kama ya mwanga mkali. Hebu pimeni jambo hilo. Kwa nuru hafifu namna ile, fotoni inayopita kisandukuni kwa kawaida iko peke yake, haina mwenzake wa kuingiliana naye. Ingekuwa risasi, ingepita kushoto mwa sindano au kulia, na isingekuwa na habari ya upande wa pili. Kumbe zilitua mojamoja mahali panapokubaliwa na mistari, kana kwamba kila moja imezipima pande zote mbili.

Namwona mjuzi mmoja pale anatikisa kichwa. Atasema moto wa gesi hautoi fotoni mojamoja kwa utaratibu, kwa hiyo Taylor hakufunga kesi. Kweli kabisa, bwana, na nilikuwa nakungoja. Kesi ilifungwa mwaka 1986 huko Orsay, Ufaransa. Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walitumia atomu za kalisi zinazotoa fotoni mbilimbili: ya kwanza inapiga hodi, wao wanajua ya pili inakuja. Hiyo ya pili wakaielekeza kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Walipoweka kipokezi kwenye kila njia, vipokezi havikulia pamoja isipokuwa kwa nadra sana. Fotoni haikatwi vipande. Walipozikutanisha njia zote mbili badala ya kuzipima, mistari ya mwingiliano ikajitokeza. Fotoni hupokelewa nzima, lakini husafiri imetandaa. Ukituma fedha benki, hakuna noti inayokimbia ndani ya waya, ila kinachotoka huku na kinachoingia kule ni hesabu kamili. Mfano huo msiuvute sana, maana benki inaijua akaunti ya mpokeaji. Wimbi la nuru halijui, linagawa uwezekano tu.

“Mbona basi nuru huenda moja kwa moja?” Swali hilo halikosekani. Huenda moja kwa moja kwa sababu mawimbi ya njia nyingine zote hufutana. Mwaka 1818 Augustin Fresnel alipopeleka nadharia yake ya mawimbi kwenye Akademia ya Sayansi mjini Paris, mwanahisabati Poisson aliipinga kwa hesabu: ingekuwa kweli, katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo kungekuwa na doa la mwanga, upuuzi ulioje! François Arago akaenda kujaribu. Doa lilikuwepo. Poisson akawa ametabiri jambo kubwa kwa kulidhihaki.

Mtaniambia hayo ni ya maabara, sindano na visahani. Haya, tazameni Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Jabari, Betelgeuse kwa wengine. Nuru yake imetumia mamia ya miaka kufika. Mwaka 1920, kwenye mlima Wilson huko Marekani, Michelson na Pease waliipokea kwa vioo viwili vilivyotenganishwa, wakaikutanisha, mistari ikaonekana. Walipovisogeza hadi umbali wa mita 3 hivi ikapotea, na kutokana na umbali huo wakapata upana wa nyota. Sasa niambieni, hicho kijidonge chenye mkia kilipitia kioo kipi?

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengine manne, nitayapitia mbiombio. Kinachotikisika angani ni nini? Ni uga wa umeme na wa sumaku wenyewe. Michelson huyuhuyu na Morley waliitafuta etheri, kile kitu kilichodhaniwa kujaa angani na kubeba mawimbi ya nuru, mwaka 1887 wakatoka mikono mitupu. Pili, acheni kusema fotoni iliyowapiga usoni asubuhi ilizaliwa ndani kabisa ya jua. Nishati yake ndiyo ilitoka huko, ikachukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi, ikimezwa na kutemwa njia nzima. Fotoni moja ya kiini cha jua huishia kuwa maelfu ya fotoni za mwanga wa kawaida usoni mwa jua. Tatu, nuru ya galaksi za mbali hurefuka wimbi kadiri ulimwengu unavyotanuka. Haichoki, msiseme imechoka. Nne, “fotoni yenyewe huona muda gani?” Hilo silijibu, kwa sababu hakuna saa inayoweza kupandishwa juu ya nuru, kwa nadharia ya Einstein swali lenyewe halina pa kusimama.

Maswali. Wewe wa nyuma uliyeinua mkono tangu nilipomtaja Taylor, anza.