Mji Uliogeuka Jukwaa: Tamthilia na Sinema Bubu mjini Ithaca, 1893–1928

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na wageni wetu mliofika jioni hii, ninawashukuru kwa kunipa nafasi ya kulizungumzia jambo ninalolipenda mno.

Tunapofundisha historia ya sinema, tumezoea kuanzia Paris mwaka 1895, tukavuka bahari hadi New York na kumalizia Hollywood, kana kwamba sanaa hii ilizaliwa na kulelewa katika miji mikubwa, na miji midogo ilingoja tu kuletewa. Mimi sikubaliani na masimulizi hayo. Nimechagua mji mmoja mdogo wa chuo, Ithaca, katika jimbo la New York nchini Marekani, ambao kwa miaka michache ulikuwa mtazamaji na jukwaa kwa wakati mmoja.

Ithaca uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Cayuga. Mwaka 1910 wakazi wake hawakufika 15,000. Maduka na stesheni ya reli vilikuwa bondeni. Juu ya kilima cha mashariki kilikuwapo Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoanza kufundisha mwaka 1868. Kilima hicho kinakatwa na makorongo yenye kuta za mawe na maporomoko ya maji, na madaraja yamepita juu yake. Naomba muyaweke makorongo hayo akilini, kwa sababu tutayarudia.

Mwaka 1893 mji huu ulifungua ukumbi wa maonyesho ulioitwa Lyceum. Vikundi vya waigizaji vilivyotoka New York vilisafiri kwa treni vikiwa na mapazia, mavazi na vifaa vyao vyote, vikacheza usiku mmoja au miwili, kisha vikaendelea na safari. Kikundi kinacholipia nauli na chakula cha waigizaji hakiwezi kulala bure njiani. Kila usiku bila onyesho ni hasara. Kwa hiyo mji mdogo wenye reli, ukumbi mzuri na maelfu ya vijana wa chuo waliotamani burudani ulikuwa kituo cha kuaminika. Hii ndiyo sababu wakazi wa Ithaca waliona maonyesho ambayo miji mingine ya ukubwa wao haikuyaota.

Wanafunzi nao hawakukaa vitini tu. Cornell ilikuwa na kikundi cha maigizo kilichoitwa Masque, na baadaye Klabu ya Tamthilia iliyokua chini ya mwalimu Alexander Drummond. Katika vyuo vingi vya Marekani wakati ule ilikuwa kawaida vijana wa kiume kuvaa magauni na kuigiza nafasi za wanawake, hata pale ambapo wanafunzi wa kike walikuwapo. Adolphe Menjou, ambaye baadaye alijulikana sana katika filamu, alikuwa mwanafunzi wa Cornell katika miaka hiyo.

Sasa tuje kwenye picha zinazotembea. Hazikuingia mjini kwa mlango wake mwenyewe. Ziliingia kupitia mlango wa jukwaa. Katika maonyesho ya vodivili, ambamo mwimbaji alifuatwa na mchekeshaji, na mchekeshaji akafuatwa na mtu wa sarakasi au wa mazingaombwe, filamu fupi ilikuwa kipengele kimoja tu katika mfululizo wa jioni. Kuanzia mwaka 1905 hivi vikatokea vyumba vidogo vya sinema vyenye kiingilio cha senti 5, ambavyo mfanyakazi wa dukani aliweza kuviingia bila kuvaa nguo za Jumapili. Hadhira ilikuwa ileile, tabia za kutazama zilikuwa zilezile, na mara nyingi hata viti vilikuwa vilevile.

Hapa nataka nisimame kidogo kwenye neno tunalolitumia, yaani sinema bubu. Jina hili linaipunja sanaa yenyewe. Mtu aliyeingia katika ukumbi wa sinema mwaka 1912 hakukuta ukimya. Alikuta mpiga piano aliyetazama pazia na kuchagua muziki kufuatana na tukio, wa haraka farasi wanapokimbia na wa taratibu mama anapomuaga mwanawe. Katika kumbi zenye uwezo palikuwa na okestra au kinanda kikubwa, na mtu wa ngoma aliyetoa sauti za radi, kwato na milango inayobamizwa. Wakati wa kubadilisha mkanda, mwimbaji alisimama mbele na kuimba huku picha za rangi zilizochorwa kwenye vioo zikionyeshwa nyuma yake, na watu wote wakaitikia kiitikio. Maandishi yalipotokea kati ya picha na picha, wenye kujua kusoma waliwasomea watoto na wazee waliokaa karibu nao. Kilichokuwa bubu ni mkanda. Ukumbi ulikuwa umejaa sauti, na sauti hizo zilitoka kwa watu waliokuwapo usiku ule. Ndiyo maana hakuna maonyesho mawili ya filamu moja yaliyolingana kabisa, na ndiyo maana nasema kwamba sinema ya wakati ule ilikuwa bado ni sanaa ya jukwaani.

Mwaka 1912 mtu mmoja aitwaye Theodore Wharton alifika Ithaca kupiga picha mechi ya kandanda ya Kimarekani ya timu ya Cornell. Aliyaona makorongo. Mwaka uliofuata alirudi kwa niaba ya kampuni ya Essanay ya Chicago, pamoja na waigizaji Francis X. Bushman na Beverly Bayne, akatengeneza filamu kadhaa, mojawapo ikiwa hadithi ya mapenzi ya chuoni iliyopigwa kwenye viwanja vya chuo chenyewe. Mwaka 1914 yeye na ndugu yake Leopold wakaanzisha kampuni yao mjini hapo, na mwaka 1915 wakahamia Renwick Park kando ya ziwa, bustani ya starehe ambako awali watu walikwenda kwa tramu kusikiliza bendi na kutazama vodivili. Majengo ya burudani yakawa studio.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1914. Kwa ajili ya filamu iliyoitwa The Prince of India, akina Wharton walichukua behewa la tramu na kulitumbukiza kutoka kwenye daraja la Stewart Avenue hadi ndani ya korongo la kijito cha Fall Creek. Behewa halisi, daraja halisi, na kina halisi. Tendo la namna hiyo halirudiwi. Mpiga picha akikosea kuzungusha mkono wa kamera, behewa limekwenda na picha haipo. Jukwaa la Lyceum, lenye mapazia yake ya kuchorwa, lisingeweza kamwe kumpa mtazamaji kitu kama hicho, na nafikiri hapo ndipo sinema ilipoanza kupata nguvu ambayo tamthilia haikuwa nayo.

Kazi iliyowapa jina ilikuwa filamu za mfululizo. Kila juma ilitoka sehemu moja, kwa kawaida ya mikanda miwili, kiasi cha nusu saa hivi, na ilipokwisha shujaa alikuwa hatarini ili mtazamaji arudi juma lijalo. The Exploits of Elaine, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1914 Pearl White akiwa mwigizaji mkuu, ilikuwa na sehemu 14, na magazeti ya William Randolph Hearst yalichapisha hadithi ileile kwa maandishi, ili aliyeikosa ukumbini aisome nyumbani. Mtindo huu wa kumwacha mtu na kiu hadi juma lijalo sisi tunaujua vizuri kutokana na michezo ya redio na tamthilia za televisheni.

Kwa watu wa Ithaca, mfululizo huu ulikuwa na ladha ya pekee. Wanafunzi na wenyeji walichukuliwa kuwa watu wa kundi: wageni katika dansi, wapita njia, askari. Nawaomba mfikirie maana yake. Mwenye duka anakaa katika ukumbi wa mji wake na kuona barabara anayoifagia kila asubuhi ikiitwa barabara ya jiji la New York, na jirani yake akikimbizwa na majambazi. Kabla ya hapo, burudani ilishuka kutoka kwenye treni na kuondoka nayo. Sasa mji ulijitazama wenyewe, na picha zake zikapanda treni kwenda kwa wengine.

Si kila kilichotengenezwa hapo kinastahili sifa, na nisingependa kulificha hilo. Patria, ya mwaka 1917, yenye sehemu 15 na mcheza dansi mashuhuri Irene Castle, iligharimiwa na kampuni ya Hearst na ilijengwa juu ya hofu ya njama za Japani na Meksiko dhidi ya Marekani. Rais Woodrow Wilson mwenyewe aliilalamikia, na ikabidi ibadilishwe. Ustadi wa kupiga picha ulitumika kuchochea chuki dhidi ya watu, na mwalimu wa sanaa hana budi kulisema hilo anapoisifu kamera.

Mwaka 1919 studio ilifungwa. Madeni yalikuwapo, na hali ya hewa haikusaidia: kamera za wakati ule zilihitaji jua, na Ithaca ina mawingu na theluji kwa miezi mingi, ilhali kusini mwa California jua lilipatikana karibu mwaka mzima. Mwaka 1921 mji ukainunua bustani, nayo ikaitwa Stewart Park kwa heshima ya meya aliyefariki mwaka huohuo. Ukumbi wa State ulipofunguliwa Desemba 1928, filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuanza kusambaa, na muda si mrefu wapiga piano wa sinema wakakosa kazi kote nchini.

Filamu zenyewe, nyingi zimepotea. Mikanda ya nitrati huoza, hutoa harufu kali, na ikishika moto haizimiki kwa maji. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zinazokaribia 11,000, ni asilimia 14 tu zilizosalia zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Hata hivyo sehemu nyingi za Beatrice Fairfax, mfululizo wa akina Wharton wa mwaka 1916, zimenusurika. Nitakapowaonyesha baadhi yake baada ya mapumziko, naomba msiwaangalie waigizaji wakuu peke yao. Tazameni nyuma yao, pale watu wa kawaida wanaposimama kando ya barabara. Mmoja au wawili wanasahau kuigiza na kuitazama kamera moja kwa moja.