Vidole vya Kiswahili kwenye kibodi

Mhadhara kwa wanafunzi wa uhazili na wachapaji wa steshenari, Mtwara Mjini

Asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo. Nimeitwa niwafundishe kuchapa haraka. Najua wengine mnawaza yale maneno 100 kwa dakika yanayotajwa kwenye matangazo ya kazi za uhazili. Yale ni ya hatimkato, yaani alama fupi za kunasa maneno yanaposemwa, kazi ya kalamu. Leo tuko kwenye vidole, na haraka nitaiweka nyuma kidogo.

Pigeni hesabu. Umekosea herufi moja: umebonyeza, umefuta, umebonyeza tena. Pigo moja limekuwa matatu, na hapo umeliona kosa palepale. Ukiliona mwisho wa aya, unashika kipanya, unapanda juu, na ukirudi hujui uliishia wapi kwenye karatasi ya mteja. Ndiyo maana yule anayetwanga kibodi hadi barabarani asikike, mara nyingi barua yake hutoka baada ya ile ya jirani yake mtulivu.

Kuchapa bila kutazama vitufe si jambo jipya. Mpangilio huu wa herufi asili yake ni mashine ya taipu ya Mmarekani Christopher Latham Sholes. Tarehe 25 Julai 1888, huko Cincinnati, Frank McGurrin alishindana kuchapa na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri vitufe vyote, macho yakabaki kwenye karatasi, akashinda. Historia inatosha.

Wekeni vidole vya shahada kwenye F na J. Mmegusa kijivimbe? Hapo ndipo nyumbani, vidole vikitoka vinarudi hapo. Kidole kidogo cha kushoto kinakaa kwenye A.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na programu za mazoezi. Nyingi zinazoeza vidole kwa maneno ya Kiingereza. Mwanafunzi anamaliza hatua zote, anapewa muhtasari wa mkutano wa kijiji, anakwama. Si mvivu. Kiswahili kina mzigo wake. A zetu hazihesabiki, na zote zinaangukia kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu. Chapeni "hawatatufundisha": herufi 16, A nne. Tena vipimo vya kasi huhesabu mapigo matano kuwa neno moja, kwa hiyo hapo umeshachapa maneno matatu na ushee. Usijidharau kwa kuhesabu maneno kwa macho.

Kisha chapeni "nyumba". N, Y, U na M zote ni za shahada cha kulia, kinapanda na kushuka peke yake kabla B haijapokelewa na kushoto. "Muhimu" nalo vivyo hivyo, I tu ndiyo inakwenda kidole cha kati. Kwenye maneno ya namna hii punguzeni mwendo kwa makusudi. "Na", "ya", "kwa" zinagawana mikono, hizo ziacheni zikimbie. Hata miji yetu haifanani: Mtwara, ukishapita M, herufi tano zilizobaki ni za kushoto. Lindi karibu yote ni ya kulia, D tu ndiyo inatoroka. Wa Lindi msianze kujisifu.

Basi fanyeni mazoezi kwa karatasi mnazochapa kweli: barua ya maombi, mkataba wa kuuziana shamba la mikorosho. Robo saa kila asubuhi kabla wateja hawajaja, mikono imefunikwa kanga ili macho yasidokoe. Mwendo wenu uwe ule unaotoa ukurasa bila kufuta kitu. Ukishauzoea, ongezeni kidogo. Na ile mistari myekundu inayopigwa chini ya kila neno la Kiswahili, izimeni. Inavuta macho bure.

Mlio makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, mnaochapa orodha za kilo za wakulima, namba zenu ziko kulia mwa kibodi, na kijivimbe kiko kwenye 5, cha kidole cha kati. Shahada kinakaa 4, cha pete 6, gumba 0. Huko mashine haiwezi kuwasaidia: ukichapa kilo 651 badala ya 615, hakuna mstari mwekundu, na malipo yanakwenda hivyo hivyo. Kwa hiyo mmoja asome kwenye skrini kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwenzake afuatilie kwenye stakabadhi, kabla orodha haijatoka chumbani.