Kuweka mkanda kwenye Pentax K1000, kisha twende Forodhani

Haya jamani, karibuni. Leo tunaweka mkanda wa filamu kwenye Pentax K1000. Kamera hii imetengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, haina otomatiki hata moja, na raha yake ndiyo hiyo: kila kitu unafanya kwa mkono wako. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Ikiisha, shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inapiga kama kawaida.

Vuta juu kidude cha kushoto, mgongo unafunguka. Tumbukiza kaseti, rudisha kidude chini. Hapo hapana maneno.

Sasa sogeeni. Ulimi wa mkanda unachomekwa kwenye ufa wa rola ya kulia... ngoja, hamuoni, kichwa changu kimeziba. Mdogo wangu, inua taa. Hapo hapo. Mnayaona haya meno? Lazima yaingie kwenye matundu ya mkanda, juu na chini. Siyo juu peke yake! Mgongo ukiwa bado wazi, vuta ule mkono wa kamera wa kulia, wa kusogeza mkanda, mara moja, uone mkanda unajiviringisha. Ukiteleza, toa, anza upya. Usifunge kwa kubahatisha.

Funga. Zungusha kidude cha kushoto taratibu, upande wa mshale, mpaka kigome. Vuta mkono, bonyeza, vuta, bonyeza, namba ya picha ifike 1. Na kila ukivuta, macho kwenye kidude cha kushoto. Kinazunguka? Kama kimetulia, mkanda haujashika. Nasema tena: kama kimetulia, haujashika! Kamera itahesabu mpaka 36 bila haya, na ndani hamna kitu. Nimeshaletewa kamera iliyopiga harusi nzima, mkanda umelala ndani ya kaseti. Sasa biharusi unamwambia nini?

Inua pete ya shata, weka namba ya mkanda (ISO, kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), hapa 200. Tumemaliza... eh, simu inayorekodi imebaki asilimia nne. Hii ya zamani haina habari. Twende haraka.

Forodhani, saa saba mchana, watoto wanajirusha baharini. Jua kali namna hii hata mita huihitaji: tundu la lenzi 16, shata iwe karibu na namba ya mkanda, yaani 250, sehemu moja ya 250 ya sekunde. Anayeruka anataka shata 500, basi tundu 11. Mimi nafungua mpaka 8 (namba ikishuka, tundu linapanuka), maana mkanda wa rangi unavumilia mwanga ukizidi, ukipungua hausamehi, na nyuso zetu nazitaka zionekane. Fokasi iweke ukingoni wanaporukia, kabla hawajaruka. Halafu subiri. Huyu siyo... huyu bado... huyu! Hakuna kioo cha kuchungulia imetokaje, na mimi hapo ndipo ninaponogewa.

Ukimaliza kupiga, rudisha kifuniko cha lenzi betri isiishe, mita ya kamera hii haina swichi ya kuzimia.

Mkono ukigoma mwishoni, usilazimishe, utachana mkanda. Bonyeza kitufe cha chini, kunjua kikono cha kushoto, zungusha upande wa mshale mpaka ukisikie kimelegea. Ndipo ufungue mgongo. Ukipeleka mkanda kusafisha, dai na negativi zako, yaani mkanda wenyewe uliosafishwa, usichukue picha za kutumiwa kwenye simu tu.

Mikanda ninayo, ya 200 na 400. Joto letu haliifai, kwa hiyo inakaa kwenye friji, pembeni ya pweza wa mama. Andikeni hapo chini mnataka mingapi, na msiniulize kama inanuka.